Kona ya Nywele: Kabla ya Kupaka Rangi, Kumbuka Ulichopaka Mwaka Jana

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza rangi, na karibu zote zimesahau kutuambia nywele hizo zilishawahi kupakwa nini. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi hupungua kidogo hapo. Ukivuta unywele ukanyooka, ukapima kwa rula ukapata sentimita 20, ncha yake ilitoka kichwani zaidi ya mwaka mmoja na nusu uliopita. Dawa ya kulainisha uliyoweka Idi ya mwaka jana bado imo. Hina ya harusi ya dada yako bado imo. Kwa hiyo ukituandikia, anza na hiyo historia, swali lifuate.

Mashina mekundu, ncha nyeusi vilevile

*Nywele zangu ni za kipilipili, hazijawahi kuwekwa dawa. Nilinunua boksi la rangi ya kahawia ya asali nikapaka kichwa kizima kuanzia mashinani, nikakaa dakika 40. Karibu na ngozi pamekuwa pekundu kama udongo wa kichuguu, ncha hazikubadilika. Nikirudia itakolea? – Msomaji, Morogoro*

Usirudie, dada. Rangi haing'oi rangi. Wasusi huhesabu weusi wa nywele kwa ngazi, 1 ikiwa nyeusi tii na 10 ikiwa nyepesi kabisa. Nywele zetu nyingi ziko ngazi ya 1 au 2. Peroksaidi ya voliumu 20, yaani asilimia 6, ambayo ndiyo hukaa kwenye maboksi mengi, hupandisha ngazi moja au mbili tu. Kahawia ya asali iko ngazi ya 6 au 7. Hesabu haifiki hata ukikaa nayo mpaka alfajiri. Siku nyingine usitazame uso wa boksi. Geuza ubavuni au nyuma utafute vile vijipicha vya kabla na baada. Kama hakuna kijipicha kinachoanza na nywele nyeusi, boksi hilo si lako.

Wekundu wa mashinani una sababu yake. Joto la kichwa huichochea rangi, hivyo sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi hufanya kazi haraka kuliko kwingine. Na nywele nyeusi ikipandishwa hupita kwanza kwenye wekundu, halafu rangi ya chungwa, ndipo ije njano. Mashina yako yamefika kituo cha kwanza yakaishia hapo.

Kama asali bado unaitaka, ni lazima blichi, na kwa nywele ambazo hazina dawa inawezekana nyumbani ukiwa na subira. Usioshe kichwa siku 2 au 3 kabla, mafuta ya asili yalinde ngozi. Chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo, zifunge kwa uzi, uzijaribie kwanza. Paka mafuta ya mgando pembezoni mwa paji la uso na kwenye masikio, vaa glavu, tumia bakuli la plastiki, kamwe si la chuma. Gawa kichwa mafungu manne. Changanya gramu 30 za blichi na mililita 60 za peroksaidi ya voliumu 20, kwa fungu moja au mawili tu, kwa sababu mchanganyiko hupungua nguvu ukikaa. Chukua vishungi vyembamba kama penseli, anza sentimita 2 kutoka kwenye ngozi ukishuka hadi ncha. Kwako wewe usiguse kabisa yale mashina mekundu, yameshapanda. Kila baada ya dakika 10 futa kishungi kimoja kwa kitambaa chenye maji utazame. Ncha zitachelewa kwa kuwa zimebeba rangi ya boksi. Ukiona nyama ya papai bivu, simama. Asali haihitaji njano, na watu wengi huunguza nywele wakifuata njano wasiyoihitaji. Dakika 40 zikiisha, suuza hata kama hujaridhika.

Baada ya hapo osha kwa shampuu, kausha kwa taulo, kisha paka rangi yako ya asali kichwa kizima. Safari hii tumia peroksaidi ya voliumu 10, asilimia 3, kwa kuwa kazi iliyobaki ni kutia rangi tu, kupandisha kumeisha. Tyubu ya mililita 60 huchanganywa na mililita 60 hadi 90 kufuatana na karatasi ya ndani. Dakika 25 zinatosha.

Voliumu 40 iache dukani. Na unywele uliolowa ukivutika kama tambi zilizoiva kupita kiasi halafu usirudi, hapo si suala la rangi tena. Suuza, weka tritimenti ya protini, pumzisha kichwa mwezi mzima.

Dawa asubuhi, rangi jioni

*Nywele zangu ni za dawa, mwezi wa pili tangu nilipoziweka. Nataka rangi ya mvinyo kabla ya Disemba. Naweza kuweka dawa na rangi siku moja ili nimalize? – Msomaji, Nakuru*

Hapana. Dawa hulainisha nywele kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia kutoka ndani, na havirudi vyote. Peroksaidi ikija siku hiyohiyo inakuta ukuta ambao umeshang'olewa matofali. Nywele huanza kukatika hapohapo kwenye beseni, au wiki mbili baadaye ukiwa umeshasahau kilichosababisha.

Dawa hutangulia, kwenye nywele mpya zilizoota tu, halafu unasubiri wiki 2 kwa uchache. Sisi tungekuambia 4. Ukigeuza ukaanza na rangi, dawa itaichubua na mvinyo wako utaishia kwenye bomba. Wiki moja kabla ya rangi weka tritimenti ya protini, kisha chukua unywele mmoja uliolowa uuvute polepole. Unapaswa kurefuka kidogo na kurudi. Ukikatika papo hapo au ukibaki umerefuka, ahirisha.

Rangi yenyewe iwe isiyo na amonia, au ile ya muda inayofifia kwa kuoshwa. Mvinyo ina bahati, juu ya nywele nyeusi inaonekana bila blichi, hasa juani. Ndani ya nyumba utaonekana mwenye nywele nyeusi zenye siri. Blichi juu ya nywele za dawa hatumshauri mtu yeyote afanye nyumbani.

Jambo moja la mwisho: kama dawa yako ni ya vikopo viwili, krimu na chupa ndogo ya kuchanganyia, huacha chembe za kalisi, yaani madini ya chokaa, kwenye nywele. Ndizo zinazofanya rangi ishike kwa madoa. Jibu la msomaji wa Kigamboni hapa chini linakuhusu.

Piko, hina nyeusi na kichwa kilichovimba

*Asalaam alaykum. Nina miaka 58, mvi zimenijaa utosini na kwenye panja. Miaka mingi natia unga mweusi, sisi twauita piko. Mara ya mwisho siku ya pili kichwa kiliwasha, masikio yakavimba, paji la uso likatoka vipele vya maji. Muuzaji aniambia nihamie hina nyeusi, eti ni ya asili. – Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam, shikamoo Bi Mkubwa. Piko usiiguse tena, na hiyo "hina nyeusi" pia. Hina ni jani, na jani hilo hutoa rangi moja tu, kati ya chungwa na hudhurungi ya wekundu. Hina inayotoka nyeusi imetiwa kitu, na mara nyingi kitu hicho ni kilekile kilichomo kwenye piko: kemikali inayoandikwa PPD. Huko Umoja wa Ulaya rangi ya nywele hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 2 ya PPD inapofika kichwani, na kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Unga unaopimwa kwa kijiko sokoni hauna karatasi ya kukuambia kiasi.

Miaka mingi bila tatizo si kinga. Mwili unaweza kuivumilia PPD muda mrefu, halafu siku moja ukaikataa, na ukishaikataa haurudi nyuma. Dalili hazitokei palepale, huja siku 1 hadi 3 baadaye, ndiyo maana watu hulaumu samaki au mafuta mapya. Na mara inayofuata huweza kuwa mbaya zaidi. Ikitokea umeipata tena kwa bahati mbaya, suuza kwa maji mengi na shampuu laini. Macho yakifumba kwa uvimbe, au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyohiyo. Jihadhari pia na maua meusi ya kuchorwa mwilini harusini, kemikali ni ileile. Na rangi nyingi za boksi zina PPD au ndugu zake, hivyo kwako si kimbilio.

Kilichobaki ni hina safi na nili, hatua mbili. Ni kazi ya siku nzima, hatukufichi, lakini hufunika mvi kwa weusi usiokuwa na PPD. Subiri kwanza ngozi ipone kabisa. Kisha jaribu kila unga peke yake, tone moja ndani ya kiwiko, uache saa 48.

Kwa nywele za mabegani chukua gramu 200 za hina isiyochanganywa. Iwe ya kijani ya majani makavu yenye harufu ya nyasi; ikiwa nyeusi au inanuka dawa, rudisha. Koroga na maji ya uvuguvugu, si ya moto, mpaka iwe kama uji mzito. Ndimu si lazima, hukausha nywele. Funika uache saa 4 hadi 6 kwa joto la pwani. Kujua kama imeiva, paka kidogo kiganjani kwa dakika 5, ukifuta ikibaki alama ya chungwa, iko tayari. Paka kwenye nywele zilizooshwa zisizo na mafuta, ukianzia penye mvi nyingi, na uvae glavu la sivyo utatoka na viganja vya bi harusi. Funga kwa kofia ya plastiki, au mfuko wa rambo kama uliweka akiba, saa 3. Suuza kwa maji na kondishona nyingi. Mvi sasa zitakuwa za chungwa kali, usishtuke wala usitoke nje kama hupendi kuulizwa.

Siku hiyohiyo au kesho yake, nili. Tunasema unga wa majani ya mnili, si bluu ya kufulia! Gramu 200, vijiko 2 vya chai vya chumvi, maji ya uvuguvugu, bila ndimu wala siki. Huu hauchachushwi. Uache dakika 10 hadi 15 tu, na uupake mara moja kwa sababu nguvu yake huisha upesi. Hapa ndipo wengi hukosea: hulaza nili usiku kucha kama hina, kisha husema haishiki. Kaa nayo saa moja hadi moja na nusu, suuza kwa maji matupu. Siku ya kwanza nywele zinaweza kuonekana za kijani kidogo, na weusi hukomaa kwa hewa ndani ya siku 2. Usioshe kwa shampuu mpaka hapo. Baadaye rudia mashina tu kila wiki 4 hadi 6.

Ukitaka hudhurungi badala ya nyeusi, hina iliyoiva na nili mpya huchanganywa nusu kwa nusu na kupakwa pamoja kwa saa 2. Kwa mvi nyingi matokeo huwa mepesi kuliko ya hatua mbili.

Na kwa kuwa hina iko nyumbani: wajukuu wachanga wasipakwe. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo ya malaria kama yetu, anaweza kuvunjikiwa chembe za damu kwa hina ya kwenye ngozi.

Kijani kama mwani

*Nywele zangu ni za singa. Miaka mitatu natia hina na nili. Binti yangu akanipaka blichi vishungi viwili vya mbele, vimetoka kijani kama mwani. Turudie blichi? – Msomaji, Muscat*

Msirudie. Blichi hupunguza weusi wako wa kuzaliwa, lakini nili haiondoki kirahisi, na ikigongwa na blichi hubaki hiyo kijani mnayoiona. Kadiri mnavyorudia ndivyo inavyozidi kung'ang'ania na unywele kuchakaa. Kijani huzimwa na nyekundu. Pakeni hina peke yake kwenye vishungi hivyo saa 2, vitakwenda kwenye hudhurungi. Ukiwa na haraka, rangi ya muda ya shaba isiyo na peroksaidi hufanya hivyohivyo kwa nusu saa. Kwenye singa mstari wowote huonekana, basi mpake mkitelezesha brashi kuelekea juu mpaka ukingo upotee. Kipilipili ingewasamehe.

Bahati yenu ni kwamba hina yenu yaelekea ilikuwa safi. Zipo zilizotiwa chumvi za madini, na hizo zikikutana na peroksaidi nywele hupata moto, wakati mwingine hata kutoa moshi. Mtu yeyote aliyewahi kutia hina ya pakiti asiyoijua akate kishungi kidogo kisogoni, akitumbukize kwenye vijiko 2 vya chakula vya peroksaidi voliumu 20 yenye matone 20 ya amonia kwa nusu saa. Kikipata joto, kikibadilika rangi ghafla au kikatoa harufu mbaya, asipake blichi wala boksi mpaka nywele hizo zikue zikatwe.

Mjamzito

*Nina mimba ya miezi miwili. Rangi ni hatari? – Msomaji, Mwanza*

Kiasi kinachopenya kwenye ngozi ya kichwa ni kidogo sana, na ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kusubiri wiki 12 za kwanza zipite. Kisha upake penye hewa, usizidishe muda, na ukiweza chagua vishungi visivyogusa ngozi. Jaribio la tone moja ndani ya kiwiko kwa saa 48 lifanye hata kama rangi ni ileile ya zamani, maana ngozi hubadilika wakati wa ujauzito.

Maji ya chumvi na nywele za makumbi

*Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Shampuu haitoi povu, na tangu nipake rangi nywele zimekuwa kama makumbi. Mafuta napaka kila siku. – Msomaji, Kigamboni*

Mafuta unayapaka juu ya chokaa, dada. Maji magumu ya kisima yana kalisi na magnesi. Zinagandamana na shampuu, zinalala juu ya unywele, na nywele zilizopakwa rangi huzibeba zaidi kwa kuwa magamba yake ya nje yameshafunuka. Kuchemsha maji hupunguza sehemu ya ugumu, lakini chumvi haiondoki.

Tafuta shampuu yenye neno EDTA, kiambato kinachoyashika madini hayo, kwenye orodha ya viambato, utumie mara moja kila wiki 3 au 4, uiache kichwani dakika 3 kabla ya kusuuza. Kati ya hapo, baada ya shampuu ya kawaida, mwagia mchanganyiko wa vijiko 2 vya chakula vya siki nyeupe katika nusu lita ya maji, dakika 2, kisha suuza. Usiutumie kwenye ngozi yenye vidonda. Maji ya mwisho yawe ya mvua kama mna pipa, au hata lita 2 za maji ya kununua. Masika ikianza, kinga ndoo.

Mafuta hayaongezi maji kwenye unywele, yanazuia tu yaliyomo yasitoke. Mafuta ya nazi yapake *kabla* ya kuosha, nusu saa au usiku kucha, vijiko 2 vya chakula kwa kichwa kizima. Hupenya ndani ya unywele na kuufanya usipoteze protini ukilowa. Baada ya kuosha, gawa mafungu 4 hadi 6, weka kondishona, chanua kwa chanuo la meno mapana kuanzia ncha ukipanda juu. Ukianzia shinani unasukuma mafundo yote yakutane chini, na mlio ule wa kupasuka unaousikia ni nywele zinakatika. Paka mafuta machache nywele zikiwa bado mbichi, ulale na kitambaa cha satini. Pasi usizidishe nyuzi 180.

Rasta

*Nilinunua rasta nyeusi, naweza kuzitia rangi ya boksi ziwe namba 30? – Msomaji, Dodoma*

Haiwezekani, rasta za kawaida ni plastiki, na rangi ya nywele haina pa kuingia. Kanunue namba 30 yenyewe, ile ya hudhurungi ya wekundu. Ukitaka zipishane, changanya nyuzi za 1B, ile nyeusi ya kawaida, na 30 kwa mkono kabla ya kumpa msusi. Na kabla ya kusuka ziloweke saa moja kwenye maji yenye kikombe cha siki, suuza, zianike kivulini. Watu wengi huacha kuwashwa kichwa kwa hilo tu. Ncha zichovywe kwenye maji yaliyochemka mwishoni kabisa, taulo likiwa mabegani na mtoto asiwe karibu na sufuria.